Slim, Neno Lililosikiwa Mara Tatu

Wanangu mnaoingia kwenye ukalimani,

Mwaka 2019 nilipoaga kazi, mmoja wenu, binti wa Kirundi mwenye kicheko kizuri, aliniuliza mbele ya watu: "Mama Josephine, kwa miaka yote hiyo, neno gani lilikusumbua zaidi?" Watu walitega masikio wakidhani nitataja jina la ugonjwa mgumu, au yale maneno ya mahakamani yenye urefu wa treni. Nikasema ni neno la herufi nne ambalo hata mtoto wa darasa la tatu analijua. Wakacheka, nami nikacheka, keki ikakatwa, na hadithi yenyewe ikabaki tumboni mwangu. Naitoa leo, kwa sababu nawaona mnahangaika na istilahi ndefu huku maneno madogo mnayapita kama vile hayana meno.

Mnijue kwanza. Mimi ni mtu wa Bukavu. Nilifika Johannesburg na mtoto mgongoni na Kifaransa nilichofundishwa na masista. Nilisuka nywele, nikauza vitenge, mpaka siku kliniki moja ya mjini ilipompata mama Mkongo aliyekuwa anatokwa damu na hakuna aliyejua anasema nini. Mtu akanionyesha kidole pale nilipokuwa nimeketi na vitenge vyangu. Niliingia kusaidia dakika kumi, sikutoka tena. Kliniki, shule, ofisi za karatasi za wakimbizi, nimekaa kwenye viti vyao vyote vya plastiki, kulia mtu mmoja, kushoto mwingine, mimi katikati.

Na msidhani Kiswahili chetu hapa ni kimoja. Mwenzangu Rashidi, Mtanzania, mtu makini sana, alipata aibu yake wiki ya kwanza ya kazi. Kijana mmoja wa Lubumbashi aliingia kliniki mbio anatokwa jasho: "Bibi yangu amejifungua ndani ya teksi, hapo nje!" Rashidi akamgeukia muuguzi bila hata kupepesa macho: nyanya wa huyu kijana amejifungua. Muuguzi akauliza bibi ana miaka mingapi. Kijana akajibu ishirini na miwili. Hapo ndipo Rashidi alipofumba mdomo. Kwa Mtanzania bibi ni mama wa mama yako, kwa Mkongo bibi ni mke wako. Mtoto alikuwa wa kiume, na walimpa jina la Rashidi. Sijui kama ni kwa shukrani au kwa kumtania.

Aliyenifundisha kuogopa maneno ya namna hiyo ni mzee mmoja wa mtaa wa Westbury, tuliyemwita Oom Dawid. Oom ni mjomba kwa Kiafrikana, ile lugha ya huku iliyozaliwa na Kiholanzi, na huko kwao hutamwita mzee kwa jina tupu. Alikuwa mkalimani wa mahakamani maisha yake yote, na alipostaafu akaanza kutufundisha bure siku za Jumamosi, kwenye chumba cha kuazima pale Newtown. Alivaa kofia ndani ya nyumba, na alibeba kamusi moja nene ya asili za maneno, imefungwa kwa ukanda wa mpira kwa sababu jalada lilikuwa limekwisha.

Jumamosi moja niliwasimulia wenzangu kisa cha shemasi wa kanisa letu. Alikuwa katika duka la jumla mjini akaona kopo limeandikwa GIF kwa herufi nyekundu. Shemasi anakijua Kiingereza chake kidogo. Akaona ni gift, yaani zawadi, herufi ya mwisho imesahauliwa tu na mwandishi. Akamwambia mwenye duka ampe mawili, moja ampelekee mama mkwe. Mwenye duka alimnyang'anya kopo mkononi. Ilikuwa sumu ya panya.

Oom Dawid alicheka mpaka akavua kofia kujipanguzia machozi. Halafu akafungua kamusi yake.

"Sikilizeni," alisema. "Kiingereza, Kijerumani, Kiholanzi na Kiafrikana changu ni watoto wa nyanya mmoja. Nyanya huyo alikuwa na neno la kutoa. Kilichotolewa, basi. Lakini kitu kinaweza kutolewa kwa mkono wa upendo, na kinaweza kutolewa ndani ya kikombe. Waingereza wakashika zawadi. Wajerumani, na sisi wa Kiafrikana, tukashika sumu. Neno ni lilelile."

Tulifurahi kama watu waliotazama mchezo. Mimi sikuandika hata mstari mmoja kwenye daftari. Nilijiambia Kiafrikana si lugha yangu ya kazi, nina zangu tatu zinanitosha.

Basi, ilikuwa 2016, majira ya baridi. Kulikuwa na mama mmoja, nitamwita Mama Neema, mzaliwa wa Beni, fundi cherehani katika moja ya yale majengo marefu ya katikati ya mji ambamo kila chumba kina mashine inayolia. Kabla ya kufika huku alikuwa amekaa Kampala miaka kadhaa kwa dada yake. Huyo dada alifia kule. Mama Neema alikuwa na mtoto mmoja tu, Neema, wa miaka minane, macho makubwa, shingo nyembamba, hodari wa Kiingereza na Kizulu. Kiswahili alikisikia chote, akakijibu nusu.

Neema aligunduliwa ana kifua kikuu. Pale kliniki, ukipatikana na kifua kikuu unapimwa na damu pia, kuona kama una virusi vya ukimwi. Majibu yalipotoka, mimi ndiye niliyemwambia mama yake: "Damu yake ni safi. Hana." Mama Neema alinishika mkono, akaung'ang'ania, vidole vyake vimejaa alama za sindano. Akaniuliza mara tatu kama nina hakika. Nikasema nina hakika.

Dawa zilikuwa za miezi sita, kila siku, bila kuruka. Mwezi wa pili mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Kikohozi kilipungua. Siku ya ziara ya mwezi huo tulikuwa watano chumbani: Neema, mama yake, mimi, Sista Thandeka muuguzi, na daktari wa watoto. Daktari alikuwa mzee mrefu wa Kiafrikana, mpole, mikono baridi. Nasi alizungumza Kiingereza, ila akifurahi au akishtuka, lugha ya mama yake ilimtoka yenyewe, kama inavyotutoka sisi tukijigonga kidole.

Daktari aliandika kwenye kadi tarehe ya kurudi. Neema akanyoosha shingo, akasoma, akamwambia taratibu kwamba siku hiyo ni Jumapili, kliniki itakuwa imefungwa. Daktari akatazama kalenda ukutani. Kweli. Akatikisa kichwa polepole, akamgeukia Sista Thandeka, akasema: "Slim kind, dié." Sista akacheka. Daktari akarekebisha tarehe.

Mimi nilitafsiri kwamba tarehe imebadilishwa. Hayo maneno mengine sikuyatafsiri.

Kanuni naijua, na niliwafundisha nyote: kila linalosemwa chumbani ni mali ya kila aliyemo chumbani. Hata chafya, kama ina maana, itafsiri. Lakini nilisikia "slim", nikalichukua kwa Kiingereza: mwembamba. Nikaona, mama wa watu anahangaika usiku na mchana kumnenepesha mtoto, mimi nimwambie daktari anasema mwanao ni mwembamba? Nikaona ni adabu kunyamaza. Wanangu, adabu ya namna hiyo ndiyo iliyotaka kuua mtoto.

Nilimwona Mama Neema amekumbatia mkoba wake kifuani. Sikumuuliza kitu. Alisema asante kwa sauti ndogo, akamshika Neema mkono, wakaondoka.

Tarehe mpya ilifika, hawakuja. Sista Thandeka alinipigia simu wiki iliyofuata: "Eish, Mama Josephine, mtoto wetu hajachukua dawa. Hizo alizokuwa nazo zimeshakwisha." Nikapiga simu ya Mama Neema. Imezimwa. Nikapiga kesho yake. Imezimwa.

Nikaenda mwenyewe. Nilimkuta kwenye mashine yake, ghorofa ya tatu, anashona sare za kwaya. Aliponiona hakusimama, hakunipa kiti. Aliendelea kukanyaga pedali.

"Mama Neema, jambo. Mtoto yuko wapi?"

"Yuko kanisani."

"Leo si siku ya shule?"

"Yuko kwa maombi. Anafunga. Siku tatu." Uzi ukakatika, akaanza kuutafutia tundu la sindano. "Leo ni ya pili."

Mtoto wa kifua kikuu, dawa zimekatwa, na hali chakula. Nikamuuliza ni nani aliyemshauri aache dawa.

Akasimamisha mashine. "Dawa ya nini, Mama Josephine? Ya kikohozi? Munanipa dawa ya kikohozi, ugonjwa wenyewe munanificha!"

"Ugonjwa gani?"

"Usinifanye mutoto. Nilisikia na masikio yangu mwenyewe. Dokta alisema slim. Alimuangalia mwanangu, akatikisa kichwa, akasema slim. Na weye ulikuwa pale. Ulinyamaza."

Sasa nielewe nini? Nilielewa papo hapo. Sisi wa upande ule wa maziwa makuu tulilijua hilo neno. Kule Uganda, miaka ugonjwa ulipokuwa mpya na hauna dawa, watu hawakuutaja kwa jina lake la hospitali. Waliuita slim, kwa jinsi ulivyomkausha mtu mpaka nguo zake zikawa za mtu mwingine. Dada yake Mama Neema alikufa nalo hilo jina limekaa mlangoni kwake. Majirani walilitamka kwa kunong'ona wakipita.

"Ulinishika mukono," aliendelea, na sasa machozi yalikuwa yanadondokea kitambaa cheupe cha kwaya. "Ulisema damu ni safi. Nilikuuliza mara tatu. Ulinidanganya kwa sababu gani? Mimi ni mujinga? Siwezi kubeba?"

Nikamwambia hapana, hapana, daktari alisema Neema ni mwembamba tu, ni Kiingereza. Mama Neema akajifuta machozi.

"Alimuambia Sista, Sista akacheka. Mutu anacheka mutoto wa mugonjwa kuwa mwembamba?"

Alikuwa ameona vizuri kuliko mimi. Maelezo yangu hayakuingia kwenye tukio lenyewe, na nilikuwa nimekaa chumba kimoja naye, nimelipwa kusikiliza.

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja Westbury. Oom Dawid alikuwa jikoni anamenya viazi na kofia yake kichwani. Nikamweleza yote, nusu nalia. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu.

"Daktari aliposema neno hilo, macho yake yalikuwa yametoka kutazama wapi?"

Nikafikiri. "Kwenye kalenda."

"Na kabla ya hapo?"

"Neema alikuwa amemwonyesha kosa la tarehe."

Oom Dawid akaweka kisu chini. "Josephine, mwanangu. Kwa lugha yangu slim ni mwenye akili. Alisema: huyu ni mtoto mwenye akili."

Niliinamisha kichwa mezani, katikati ya maganda. Yeye alinawa mikono, akaenda kuleta kamusi, akaufungua ule mpira taratibu kama mtu anayefungua bandeji. Nilitaka kuondoka nikimbie, akanizuia: "Dakika tano. Ukienda na nusu ya jambo utarudi tena unalia."

Basi alinieleza, na mimi nawaeleza ninyi, safari hii andikeni. Wazee wa lugha hizo, zamani sana, walikuwa na neno la kitu kilichopinda, kilichokaa mshazari. Wajerumani walipolirithi wakaona kilichopinda ni kibaya, kwa hiyo mpaka leo schlimm kwao ni mbaya. Kule kaskazini, Norwe na Denmark, mtoto mtundu anaambiwa slem. Waholanzi wakalipeleka kwa mtu aliyepinda mawazo, mjanja, wa kumwangalia kwa jicho moja. Miaka ikapita, ujanja ule ukaoshwa, harufu ikaisha, ikabaki akili. Hao ndio waliolileta huku, na Kiafrikana kikalishika hivyo. Waingereza nao waliliazima kwa Waholanzi. Kwao kwanza lilikuwa kitu hafifu, cha bure, halafu likawa wembamba, na siku hizi wanalitumia kama sifa. Kutoka kwa Waingereza likafika Kampala, likapewa ugonjwa.

"Kwa hiyo," Oom Dawid alisema akifunga mpira, "mle chumbani watu watatu mlikuwa na maneno matatu. Yeye alisema akili. Wewe ukasikia wembamba. Mama akasikia kaburi la dada yake. Na sauti ilitoka mara moja tu."

Alinifungia viazi viwili vya kuchemsha kwenye karatasi, akasema sijala, naonekana. Nikarudi mjini.

Mama Neema alikuwa bado kwenye sare zake. Nilimwambia: "Mimi usiniamini. Una haki. Lakini mtoto wako anasoma Kiafrikana shuleni. Twende tukamuulize yeye."

"Ataniambia nini? Sikumuambia kitu."

"Ndiyo. Hakuna aliyemwambia kitu wala kumuuliza."

Akakaa. Mikono ilikuwa juu ya kitambaa, haitembei. Halafu akainama, akazima mashine.

Kanisa lao lilikuwa kwenye ghorofa ya sita ya jengo lililokuwa zamani la ofisi, lifti imekufa. Tulipanda kwa ngazi. Ndani kulikuwa na akina mama kama wanane wanaomba, wengine wamepiga magoti tangu asubuhi. Neema alikuwa amelala kwenye godoro dogo karibu na dirisha, amefunikwa blanketi, midomo imekauka. Alipomwona mama yake alijaribu kukaa.

Mama Neema alipiga magoti pembeni yake. Nilimwona anatafuta pa kuanzia.

"Neema. Ile siku kwa dokta. Siku uliona makosa ya tarehe. Dokta alisema nini?"

"Alisema sorry," Neema akajibu.

"Hapana. Kwa Sista. Alimuambia Sista nini?"

Mtoto akafikiri, kisha, jamani, akaona haya. Akatabasamu akijificha mdomo kwa blanketi. "Alisema... niko na akili. Slim kind. Mtoto wa akili."

"Wewe unajua aje?"

"Ma'am wa Afrikaans anasema hivyo, ukipata zote."

Akina mama walikuwa wameacha kuomba, wanatusikiliza.

"Ukikuwa unajua," Mama Neema akasema, sauti imepasuka, "sababu gani hukuniambia?"

"Nilitaka kukuambia kwa njia. Lakini ulikuwa unalia, Mama."

Sijawahi kumwona mtu akimkumbatia mtoto vile. Hakulia kwa sauti. Alimvuta wakawa kitu kimoja, blanketi na yote, akawa anambembeleza huku na huku na kusema "mutoto wangu wa akili, mutoto wangu wa akili" mpaka maneno yakaisha maana yakawa wimbo tu. Na wale akina mama, wanangu, msije mkawasema vibaya watu wa maombi mbele yangu: hakuna aliyebishana wala kununa. Mmoja alishakwenda kuwasha jiko, mwingine alishuka ngazi zote sita kufuata maziwa. Uji ulifika kabla mimi sijamaliza kufuta macho. Neema aliunywa taratibu, kijiko kwa kijiko, na kimoja kati ya vile viazi vya Oom Dawid akakimaliza chote.

Kesho yake asubuhi tulikuwa kliniki mlango unapofunguliwa. Niliomba kuzungumza kwanza. Nikawaambia daktari na Sista Thandeka kosa langu lote, bila kulipaka rangi: kwamba nilisikia neno nikalimeza, na limemgharimu mtoto karibu wiki tatu za dawa. Nilitarajia kufukuzwa. Sista alinishika bega. Daktari alikaa, akavua miwani, na uso wake ulikuwa umezeeka ghafla.

"Nilikuwa namsifia," alisema. "Namsifia tu."

Kisha alitoka nyuma ya meza yake, akachuchumaa mbele ya Mama Neema, mzee wa urefu ule, magoti yanalia. Akasema, nami nikatafsiri neno kwa neno: "Mama, damu ya mwanao ni safi. Nilisema lugha yangu mbele yako bila kukueleza, kama vile haupo. Nisamehe." Mama Neema alimtazama, halafu akamwambia ainuke, ataumia miguu. Nikatafsiri hilo nalo.

Dawa zilianza upya, na muda ukaongezwa. Kuanzia siku ile nilitafsiri kila kitu. Daktari akinung'unika kuhusu kalamu isiyoandika, natafsiri. Sista akiulizwa na mwenzake wa mlangoni kama amekula, natafsiri na jibu lake. Mwanzoni walinishangaa. Baadaye Sista alizoea akawa ananikumbusha: "Mwambie na hiyo, nimesema njaa inaniua."

Siku hizi mna programu kwenye simu, na sizikatai. Mwaka wangu wa mwisho muuguzi mmoja kijana alinionyesha yake kwa fahari. Nikamwambia iandikie slim kind tuone. Simu ilifikiri kidogo, ikayasoma yote mawili kwa Kiingereza, ikaleta: aina nyembamba. Haikuwa mtoto, akili wala ugonjwa. Tulicheka, lakini niliporudi nyumbani nilijiuliza, mimi siku ile niliizidi nini hiyo simu? Nilikuwa na macho. Niliweza kuona daktari ametazama kalenda, Sista amecheka, mama amekumbatia mkoba. Macho hayo sikuyatumia. Kwa hiyo mkikaa kile kiti, kaeni mahali mnapoona nyuso zote. Sogeza kiti hata kama wanakukodolea. Na uso ukibadilika na wewe hujasema kitu, simamisha mazungumzo, uliza. Watakuona msumbufu. Sharp, sawa tu, wakuone hivyo hivyo.

Mama Neema hakuniamini tena upesi. Ilichukua miezi. Alikuja kliniki kila tarehe, alinisalimia vizuri, ila baada ya kila jambo nililotafsiri alimtazama kwanza Neema, na Neema akiitikia kwa kichwa ndipo naye alikubali. Iliniuma, siwezi kuwaficha. Lakini sikumwomba aache. Mtoto yule alinisahihisha mara mbili, na mara zote mbili alikuwa sahihi.

Siku ya kumaliza dawa ilikuja mwaka uliofuata. Neema alikuwa ameota mashavu. Daktari alisikiliza kifua mbele na nyuma, akatazama picha ya mapafu kwenye mwanga, akasema kwa Kiingereza kwamba amepona, hakuna dawa tena. Nikafungua mdomo nitafsiri.

Mama Neema aliniwekea mkono kwenye goti. "Mama Josephine, leo unyamaze kidogo."

Akasimama. Alikuwa amevaa gauni alilolishona mwenyewe, la buluu, na kilemba chake. Akamtazama daktari, akavuta pumzi, akasema polepole, neno baada ya neno, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe: "Dankie, dokter. U het my kind gesond gemaak."

Asante, daktari. Umemponya mtoto wangu.

Neema, ambaye bila shaka ndiye aliyekuwa mwalimu, alimvuta mama yake mkono wa gauni akamwambia ile sauti ya gesond inatoka kooni, siyo hapo mbele. Mama Neema akajaribu tena. Ikatoka kama mtu anayekwama na mfupa wa samaki. Sista Thandeka akaangua kicheko, Mama Neema naye akacheka, na hicho ndicho kicheko chake cha kwanza nilichowahi kukisikia, kinene, cha tumboni. Daktari akamjibu kwa Kiafrikana, polepole, akimpa kila neno nafasi. Mama akaelewa moja, akakosa mawili, akamuuliza mwanawe, akarudi tena kwa daktari. Wakaendelea hivyo.

Hakuna aliyenigeukia. Nilikaa kidogo nikiwasikiliza, halafu nikachukua mkoba wangu, nikafunga mlango taratibu, nikawaacha wanaongea.